Fundi wa Nyumba ya Maziwa

Fundi hakuwa mtu wa kupendeka, na ningekuwa mwongo nikianza kwa kusema vingine. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na kiburi cha mtu anayeijua kazi yake mahali ambapo hakuna mwingine anayeijua. Siku ya kwanza aliponiona, nimesimama kwenye veranda ya jumba lile na begi langu moja, baridi ya Machi ikinipenya hadi kwenye fizi, hakuniuliza jina wala natoka wapi. Alinisikia tu nikisema, "Sasa mzee, uko poa?" akaiweka chini ndoo yake.

"Mimi rika lako?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi rudi pale getini, uje tena."

Nilirudi. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mama wa watoto wawili niliowaacha Machakos kwa mama yangu, na nilitembea kwenye kokoto hadi getini kama mtoto wa darasa la pili aliyechelewa. Nikaja tena, nikasema shikamoo. Akasema marahaba, sasa tumeonana, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake.

Namna alivyofika Amerika sikuwahi kuisikia mara mbili kwa njia moja. Mara aliletwa na familia ya ubalozi awe mpishi wao, mara dereva, mara alikuja na meli akashuka Baltimore akanunue viatu. Kabila lake sikulijua, wala mke kama aliwahi kuwa naye. Nilichojua ni kwamba alikuwa mtu wa Pwani ya Tanzania, na huko alijifunza kazi ya chokaa, ile ya zamani ya kuloweka chokaa kwenye pipa miezi na miezi mpaka iwe laini mithili ya samli. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nafasi kwenye jumba lile nje ya Upper Marlboro, ambako mimi nilikuja kumtunza mwenye nyumba, mama mzee wa Kizungu ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nililala chumba cha karibu na jiko. Fundi alikuja kila asubuhi na gari lake bovu, akaondoka jua likishuka.

Jumba lilijengwa na watu waliotoka Uingereza wakatajirika kwa tumbaku, wakataka nyumba ifanane na zile walizoziacha kwao. Kwa hiyo lilikuwa na madirisha yaliyopangwa sawasawa kulia na kushoto, na mlango mkubwa katikati ambao hakuna aliyeutumia. Lakini Fundi hakulijali jumba. Alisema ni kubwa bure. Alichokipenda kilikuwa nyuma, hatua hamsini kutoka jikoni, chini ya mteremko: nyumba ya maziwa.

Ilikuwa kijumba cha matofali, nusu yake imezama ardhini ili ibaki na baridi hata Agosti. Paa lake lilichongoka pande nne, limeezekwa kwa vigae vya mbao. Badala ya madirisha kulikuwa na luva, mbao nyembamba zilizolazwa kwa mshazari, upepo upite na jua libaki nje. Ndani, sakafu ya mawe ilikuwa na mfereji ambamo zamani maji ya chemchemi yalipita, na kwenye maji hayo masufuria ya maziwa yalisimamishwa mpaka krimu ipande juu. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na kingine kidogo chenye meko. Karatasi za wilaya ziliandika kwamba ni stoo. Fundi alipoisikia habari hiyo alicheka kwa pua.

"Stoo ya nini yenye meko? Vitu vinaona baridi?"

Alijua, kama nilivyojua mimi, nani alilala pale. Maziwa ya watu wale hayakukamuliwa na wao wenyewe, wala siagi hawakuisukasuka wao.

Kijumba kilikuwa kinalindwa na sheria. Huwezi kubadilisha bawaba ya mlango bila ruhusa, huwezi kutoa tofali wala kutia rangi ambayo haikuwapo tangu zamani. Kila mara afisa wa majengo ya kale alikuja kukagua, kijana mwenye miwani na daftari, akagusagusa kuta. Fundi aliikubali sheria ile kuliko sheria nyingine yoyote ya Amerika. Alama za barabarani alizipuuza, kodi alikuwa akiisikia redioni, lakini mwambie usiguse luva, hagusi.

Adui yake alikuwa saruji. Kabla yake, fundi mwingine alikuwa ameziba nyufa za kijumba kwa saruji, na matofali yakaanza kumeguka uso mmoja mmoja kila majira ya baridi. "Saruji ni bwana mkubwa," aliniambia. "Haipumui, na haimwachi mwenzake apumue. Chokaa ni mtu wa watu." Alitumia mwaka mzima kuing'oa ile saruji kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande, huku akimtukana yule fundi, mama yake na shule aliyosoma, kama alisoma. Siku moja kibarua aliyeletwa kutengeneza ngazi za jikoni aliuegesha mfuko wa saruji kwenye ukuta wa nyumba ya maziwa. Fundi aliuona. Aliubeba mfuko mgongoni, yeye na umri wake ule, akapanda nao mteremko, akautua katikati ya barabara. Kibarua alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, nikainua mabega.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alinisimanga kwa kutazama televisheni mchana, na kila Jumamosi alasiri alikuwa wa kwanza kukaa kando ya kiti cha mwenye nyumba kutazama mieleka, viatu amevivua mlangoni, na wawili wale wasioelewana lugha wakapiga kelele pamoja. Alisema ngoma za kanisani kwetu zinaumiza kichwa, na bado ni yeye aliyenipeleka kila Jumapili, akaningoja ndani ya gari amejifunika blanketi. Mahubiri yakirefuka alikuja kusimama mlangoni akikohoa mpaka mchungaji afupishe. Alikidharau Kiswahili changu. "Hicho umekiokota wapi, stendi?" Nikikosea ngeli alifumba macho kana kwamba amekanyagwa kidole. Hata hivyo, siku niliyopokea simu kwamba mwanangu mdogo amelazwa, yeye ndiye aliyekaa nami jikoni saa tano nzima bila kunikosoa neno hata moja.

Kulikuwa na jambo lake moja lililonichekesha mwanzoni. Hakuingia nyumba ya maziwa bila kupiga hodi. Alisimama mlangoni na vyombo vyake, akasema "Hodi," akangoja kadiri ya muda wa mtu kufuta mikono na kuja mlangoni. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Asipojibiwa, aligeuka akaenda kufanya kazi nyingine, akajaribu tena baada ya adhuhuri, maana dini yake imemfundisha hodi ni tatu, ukinyamaziwa rudi ulikotoka. Mwenye nyumba hakujua kwa nini kukarabati paa dogo kulichukua majira mawili.

"Lakini mzee, hakuna mtu huko ndani," nilimwambia. "Nani ata-answer?"

"Wewe umeingia ukahakikisha?"

Nilimwona mshirikina, mimi mtoto wa kanisa. Kisha siku moja ya mvua nilimwona amesimama pale analowa, anangoja kibali cha hewa tupu, nikakasirika, nikafungua dirisha la jikoni nikapaza sauti: "Karibu! Ingia, mzee!" Aliingia mara moja bila kugeuka. Tangu hapo ikawa kazi yangu. Nikimsikia, naitikia. Sikuona ubaya wake, na paa likaisha.

Jambo jingine ni la wafu. Watanzania Waislamu wa maeneo yale, kuanzia Manassas mpaka upande wetu, walipofiwa na mwanamume walimpigia simu Fundi aje kuosha maiti. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo, walisema. Alipopata simu aliacha mwiko pale pale ukutani, akaenda, na aliporudi hakula mpaka jioni. Watu, kama ujuavyo watu, walitaka habari. Alikufa na sura gani? Kweli alikuwa amekondeana hivyo? Ni kweli alikuwa na michoro mwilini, yeye mtu wa msikitini? Fundi aliwajibu wote jibu moja: "Alikuwa safi." Walevi walikuwa safi, wazee wa dini walikuwa safi, na kijana mmoja aliyekutwa amekufa peke yake ndani ya fleti baada ya siku nyingi, naye alikuwa safi.

"Unachokiona kwenye mwili wa maiti unakisitiri," alinieleza. "Ukikitoa nje umemvua nguo mara ya pili. Na mwosha huoshwa, binti. Mimi nataka mwosha wangu asiwe na mdomo."

Nililisikia hilo nikalipenda. Nilikuwa nafanya kazi ya kuogesha mwili wa mtu mwingine kila asubuhi, nilijua nini maana ya kuona na kunyamaza. Ndiyo maana yaliyofuata siwezi kuyaweka kwake peke yake.

Mwenye nyumba aliamua, akiwa karibu na mwisho wake, kwamba kijumba kifunguliwe kwa wageni Jumamosi moja ya Mei. Wangekuja watu wa bustani na watu wa majengo, na kamera zao, wangepewa limonadi. Alimwambia Fundi asafishe na kupaka chokaa ndani, kote, hata kile chumba cha nyuma. Kupaka chokaa hakukuhitaji barua yoyote, kwa sababu nyumba za maziwa zilipakwa chokaa tangu zilipojengwa. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa makopo na viti vilivyovunjika. Fundi alivitoa siku mbili. Siku ya tatu sikusikia hodi wala sauti ya brashi, nikateremka na kikombe chake cha chai.

Alikuwa amepiga magoti kando ya meko, taa ya mkononi imelala sakafuni. Nyuma ya rafu aliyoibandua, lipu ya zamani ilikuwa ya rangi ya moshi, na juu yake kulikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Mistari mifupi ya kulala, mmoja juu ya mwingine, imejipanga safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili tu na iliishia chini ya kiuno changu. Ya pili iliishia juu kidogo ya kiuno. Ya tatu ilipanda, ikapanda, mpaka karibu na bega langu.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Mama alikuwa amewasimamisha wanawe ukutani, visigino vimegusa ukuta, kiganja juu ya kichwa, akawapima wanavyokua. Watatu walianza. Mmoja alimaliza. Nilisimama pale na chai ikipoa, nikawaza wanangu wawili Machakos ambao sikujua wamefika wapi kwa urefu, nikalia kwa sauti. Fundi hakugeuka kunitazama.

"Watoto," alisema.

"Wale wengine walikufa?"

"Au waliuzwa. Mtoto akifa mama anajua urefu wake, alimvisha sanda; wa kuuzwa hajui alifika wapi." Akaiokota taa. "Hawa watu wa Jumamosi watakuja na kamera."

"Watapiga picha, mzee. Watasema so sad, halafu wakunywe limonadi."

Nilisema mimi hayo. Nayaandika kwa sababu nimejaribu miaka kadhaa kuyasahau. Nilisema kwa uchungu, bila kumwambia afanye lolote, lakini maneno yalitoka kinywani mwangu na yeye aliyasikia.

Siku iliyofuata aliusugua ukuta kwa maji na brashi ngumu, kama inavyotakiwa kabla ya chokaa, akaziba mikwaruzo kwanza, kisha akapaka mikono mitatu. Alipomaliza, chumba kile chenye giza kiling'aa. Niliuliza, "Umefunika?" Akajibu, "Nimewasitiri. Na wewe umeosha mwili na mimi, sasa funga mdomo." Nilifunga. Niliona amefanya jambo la heshima. Nasema kweli, usiku ule nililala vizuri.

Jumamosi watu wa kamera walikuja, wakanywa limonadi. Afisa wa miwani alipitisha kidole kwenye chokaa, akasema hajaona kazi ya namna ile Maryland yote, akampa Fundi mkono. Fundi alifurahi mpaka akasahau kukunja uso.

Karibu saa tisa alasiri alikuja mama mmoja Mweusi wa hapo hapo Upper Marlboro, mtu mzima, amevaa suti ya rangi ya zambarau na kofia kana kwamba anakwenda ibadani. Alikuwa amefanya kazi ya faili ofisi za wilaya mpaka akastaafu, alituambia, na kwenye faili hizo alikuwa ameitafuta familia yake akakuta majina ya kwanza tu, yameandikwa kwenye orodha za mali, baada ya ng'ombe. Amemwandikia mwenye nyumba barua tatu kuomba kuona nyumba ya maziwa. Leo ndiyo mara ya kwanza amekaribishwa.

"Bibi yangu alihadithiwa na mama yake," alisema, na hakuwa anatueleza sisi tu, alikuwa kama anajikumbusha njia. "Mama wa huyo mama alikuwa mtengeneza siagi. Aliwapima watoto kwenye ukuta, karibu na moto. Waliuzwa wawili, akabaki mmoja, huyo ndiye sisi. Hatuna hata majina ya wale wawili. Nilitaka tu kuona walikuwa wadogo kiasi gani."

Aliingia chumba cha nyuma. Tulimfuata, Fundi na mimi. Alisimama mbele ya ukuta mweupe, safi, mzuri kuliko ukuta wowote wa kaunti ile. Aliweka kiganja juu yake, akakisogeza taratibu huku na huku, jinsi unavyotafuta swichi ya taa gizani. Kisha akamgeukia Fundi.

"Wewe ndiye uliyepaka? Kulikuwa na alama zozote hapa?"

Kiingereza cha Fundi kilitosha kununua misumari, hakikutosha jambo lile. Alinitazama. Nikamtafsiria, kila neno. Uso wake ulibadilika rangi. Alikuwa amewasitiri watoto wasionekane na wageni, na sasa mwenye watoto hao alikuwa mlangoni.

"Mwambie sikuona kitu," alisema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia kwa Kiswahili, mzee, huyu ni ndugu yao. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameahidi kunisaidia karatasi zangu za ukaazi, afisa alikuwa hatua tatu kutoka pale, na nilidhani ukuta uliofutwa vibaya ungetufukuzisha kazi sote wawili. Hayo yote niliyawaza kwa kadiri ya pumzi moja.

"Anasema hakuona kitu," nilimwambia yule mama. "Nami pia sikuona."

Hilo la mwisho Fundi hakulisema. Niliongeza mwenyewe.

Yule mama aliitikia kwa kichwa, akatushukuru kwa muda wetu. Alikataa limonadi.

Kuanzia Jumatatu Fundi alianza kuikwangua chokaa. Alikuja alfajiri, akabandika vitambaa vilivyolowa ukutani, akangoja, akabandua ganda kwa kijiti cha mwanzi. Hodi hakupiga tena. Nilingoja kuitikia siku ya kwanza na ya pili, kisha nikaelewa kwamba anaona haya. Alikwangua wiki sita. Lakini chokaa aliyoitengeneza mwenyewe ilikuwa chokaa kweli, imeshikana na lipu ya zamani ikawa mwili mmoja, na kila ganda lilipotoka lilitoka na moshi wa kale na mikwaruzo yake. Nilimwambia aache. Nilimwambia, "Mzee, unaharibu hata zile zimebaki, please." Aliendelea. Ganda moja lilimrukia machoni pamoja na maji ya chokaa, akajiosha, akafunga leso, akaendelea na jicho moja, kisha jicho la pili nalo likaanza kuvimba.

Afisa alikuja kukagua akakuta ukuta umechunwa. Yule aliyesifiwa kwa kufunika alifukuzwa kwa kufunua. Kuharibu ukuta wa jengo linalolindwa ni kosa, aliandika hivyo, na mwenye nyumba, ambaye kichwa chake kilikuwa tayari kimeanza kuchanganya siku, alitia saini. Fundi hakujitetea. Alikusanya vyombo vyake, akaniachia pipa lake la chokaa nilifunike lisikauke. Sikulifunika.

Mwenye nyumba alifariki majira yale ya baridi, na mimi nikahamia Woodbridge, nikapata cheti cha unesi msaidizi na kazi kwenye nyumba ya wazee. Karatasi zangu zilikamilika kwa njia nyingine kabisa, wala si yeye aliyezikamilisha. Nilidanganya bure siku ile.

Zilipita takriban baridi mbili. Asubuhi moja niliingia chumba cha mwisho cha korido yangu na beseni la maji, nikakuta kitandani mzee Mweusi aliyekauka, macho yake yana utando mweupe. Kwenye faili waliandika kwamba hazungumzi. Nikasema, kwa mazoea ya kuzungumza peke yangu kazini, "Haya mzee, tuoge sasa."

"Salamu imekufa lini?" aliuliza.

Beseni liliniponyoka, maji yakamwagika mpaka mlangoni. Nikasema shikamoo. Akaitikia, kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, akaniambia nifute maji kwanza, watu watateleza.

Nilimtunza siku tisa. Hakukubali nimwogeshe, alingoja zamu ya Mkongo mmoja mwanamume, lakini nilimlisha uji na nikamsomea magazeti ya zamani. Hatukuigusa habari ya ukuta. Siku ya nane, nikiwa nabadilisha bendeji ya mguu wake, alinishika kwa kukosea, akauondoa mkono wake upesi.

"Yule mama yu hai?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, au hukutafuta?"

"Sikutafuta."

"Mwosha hasemi kwa watu," alisema. "Lakini ndugu wa maiti akija akauliza, ni haki yake, huambiwa. Hilo nalijua tangu kijana. Sikukosea kwa kutojua, binti. Nilimwona amesimama pale nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu. Nikaona haya yangu ni kubwa kuliko haki yake." Akanyoosha kiganja. "Nipe hiyo bendeji, roli nzima. Na kalamu ushike wewe."

Sikuelewa. Akanikaripia, kwa ule mdomo wake wa zamani, nikampa. Alitafuta ncha ya bendeji kwa vidole, akaibana chini ya paja lake.

"Fundi hagusi ukuta asioupima. Nilizipima zote kabla ya kusugua. Hii ncha ni sakafu."

Alianza kutambaza kiganja chake juu ya bendeji, shibiri moja, shibiri mbili, dole gumba na kidole kidogo vikipokezana. Shibiri tatu na vidole viwili. "Hapa. Mtoto wa kwanza, mstari wa kwanza. Tia alama." Nikatia. "Shibiri nne. Hapa tena. Ndiyo basi, huyo." Alirudi kwenye ncha akaanza upya kwa mtoto wa pili, mistari mitano, na wa mwisho kwenye shibiri tano na vidole vitatu. Alirudi tena kwa yule wa tatu, mistari kumi na mmoja, nami nikampa kila mtoto safu yake. Hakusitasita popote. Alikuwa amekaa nazo kichwani miaka ile yote, yeye aliyesahau hata jina la mtaa wake.

"Huyu mkubwa mama yake aliendelea kumpima baada ya wale kuondoka," alisema. "Lakini mistari yake ya juu haikunyooka tena. Imekwenda upande. Chora hivyo hivyo, usinyooshe."

Nilichora upande.

"Mpelekee. Mwambie nilidanganya."

"Nitamwambia ulisikitika, mzee."

"Mimi nimekuambia useme nilisikitika?" Macho yake meupe yalikuwa yamenielekea sawasawa. "Mwambie tulikuwa wawili."

Alifariki kesho yake alfajiri, kabla ya zamu yangu. Wanaume wa jumuiya yao walikuja kumchukua, wakamwosha wao. Sikuuliza kitu.

Siku yangu ya mapumziko niliendesha gari mpaka Upper Marlboro. Kumpata hakukuwa kazi, niliuliza kanisa la kwanza nililoliona habari za mama wa faili za wilaya, wakanielekeza nyumba ya tatu baada ya kona. Alifungua mlango bila kofia, nywele zake zimekuwa nyeupe zote, na alinitambua kabla sijajitaja. Nilisema yote pale pale barazani, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapamba. Nilisema Fundi alidanganya na mimi nilitafsiri, na kwamba lile la mwisho niliongeza mwenyewe. Nikampa bendeji.

Aliikunjua kidogo akaona alama.

"Ulisimama pembeni yangu," alisema. "Nilikuwa nimeweka mkono ukutani, na wewe ulisimama pembeni yangu."

"Ndiyo."

Nilingoja afunge mlango. Hakufunga. Aliingia ndani hatua moja, akaiinua bendeji juu kwenye mwimo wa mlango wake, na ikawa ndefu kuliko alivyoweza kuishika mwenyewe.

"Shika huku chini," aliniambia. "Iguse sakafu."

Nilipiga magoti, nikaibana ncha sakafuni kwa dole gumba, nikakaa juu ya visigino vyangu ili nisiivute. Alama ya juu ya mtoto wa kwanza ilinifika machoni, sawasawa. Yule mama alikuwa ameshika juu, ananingoja niseme kama imenyooka. Niliitazama alama ile kwanza, ndipo nikamwambia imenyooka.